Muuza Bagia Hakurudi

Risasi ilipolia, kiganja changu kilikuwa kimeshachelewa.

Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Nilipoona Lex Luthor, adui wa Superman, ameshika bastola na yule muuza chakula wa mtaani ameletwa mbele ya seli alimofungiwa Superman, nikanyoosha mkono kumziba macho mtoto wa kaka yangu. Ana miaka tisa. Akaupangua mkono wangu kama anafukuza nzi, akaona kila kitu.

"Shangazi, huyu atarudi?"

"Atarudi," nikamjibu bila kufikiri, huku mkono wa pili unatafuta bisi gizani.

Muvi ikaendelea. Majengo yakachanika, mbwa mwenye joho jekundu mgongoni akafanya vituko vyake, Superman akashinda. Taa zikawaka, watu wakaanza kutoka. Dogo kagoma kunyanyuka. Anajua, kama watoto wote wa siku hizi wanavyojua, kwamba majina yakianza kupanda kuna vipande vimefichwa humo. Tukakaa. Kipande cha kwanza: Superman na mbwa wake wamekaa mwezini wanaitazama dunia. Kipande cha pili, mwisho kabisa: Superman na mwenzake Mister Terrific wanabishana juu ya jengo lililopasuliwa likaungwa tena, na pande zake hazikukaa sawasawa.

Halafu kioo kikawa cheusi. Dada wa usafi alikuwa ameshafika safu yetu na ufagio wake.

"Hajarudi."

"Hajarudi," nikakiri.

"Si ulisema atarudi?"

Ilikuwa Julai 2025, pale Mlimani City. Tangu siku ile swali hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimejaribu kulimeza kwa ugali, kwa chai, kwa kulala mapema. Mwisho nikaona bora niliandike.

Beseni la kashata

Nimekulia Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa ile inayoitwa kwa namba. Miaka ya tisini mtaani kwetu palikuwa na kibanda umiza: mabati pande tatu, gunia mlangoni, deki moja, televisheni moja ndogo iliyopandishwa juu ya meza ndefu ili hata wa nyuma aone. Nje ubao wa chaki: LEO SAA 10, ANORD – KOMANDO, SH 50.

Wasichana hawakuingia. Ubaoni haikuandikwa, lakini nani angetaka kurudi nyumbani na maelezo ya kuonekana mle ndani?

Mama alikuwa anapika kashata, na muuzaji alikuwa mimi. Wateja wako wapi saa kumi jioni? Mlangoni pa kibanda. Basi kwa miaka kama minne nilikaa pale kwenye kigoda na beseni langu, nikasikia picha zote kubwa za dunia bila kuona hata moja.

Msinionee huruma, masikio yangu yalisoma. Bruce Lee nilimjua kwa ule ukelele wa paka. Van Damme nilimjua kwa sababu wavulana walipiga mluzi kila akipanua miguu. Risasi zikilia muda wa kutosha mimi kuuza kashata tatu na kurudisha chenji, huyo ni Rambo au Anord. Na steringi akianza kunyanyuka baada ya kipigo, sikuhitaji kuambiwa, maana benchi zilipigwa chini kwa pamoja mpaka mabati yakatetemeka.

Sehemu ya macho niliipata usiku, kwa kaka. Yeye aliingia kwa shilingi hamsini zilizotoka kwenye mauzo ya kashata. (Mama, kama kuna mtu anakusomea hii, ni kweli. Samahani.) Tukishalala mkekani chini ya chandarua kimoja, ananisimulia picha mwanzo hadi mwisho, na milio yote anatoa kwa mdomo, taratibu, baba asisikie. Ti! Dush! Steringi anapigwa, anapigwa, anavuja damu, anailamba ile damu yake mwenyewe, anakumbuka mwalimu alimwambia nini.

Steringi hafi. Rafiki wa steringi ndiye anayekufa, hasa akishatoa mfukoni picha ya mchumba.

Ile ruka ya Bruce Lee

Kuna picha moja kaka alinisimulia zaidi ya mara kumi kwa sababu nilikuwa naidai. Ni *Fist of Fury*, ya 1972. Mwisho wake, kwa mujibu wa kaka: polisi wamejipanga getini na bunduki. Bruce Lee anawatazama. Anakimbia kuwaelekea, anaruka, anawapita juu ya vichwa, anavuka ukuta, hajaonekana mpaka leo.

"Akaenda wapi?"

"Akaenda Hong Kong."

Nikaridhika. Hong Kong kwangu ilikuwa mbali vya kutosha.

Niliiona kwa macho yangu nikiwa chuo, hosteli, kwenye laptop ya kuazima. Bruce Lee anakimbia. Anaruka. Na hapo hewani, mguu mbele, picha inaganda. Mlio wa bunduki unasikika. Basi, imeisha.

Nikarudisha nyuma mara tatu.

Nikampigia kaka usiku uleule. Alikuwa ameshaanza ufundi gereji, mtaa wa Gerezani, Dar, sauti imechoka. Nikamwambia, kaka, Bruce Lee anakufa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Ulimwona akianguka?"

"Hapana."

"Na mimi sikumwona. Sasa kafa lini?"

Ndipo akanieleza yaliyotokea siku ile kibandani. Picha ilipoganda walidhani deki imekwama. Mwenye kibanda akaapa kwamba mkanda ndivyo ulivyo. Wakagawanyika makundi mawili, wanaosema kafa na wanaosema kapita. Ubishi ulichukua wiki nzima, ukaenda mpaka shuleni, ukaenda mpaka uwanjani. Waliosema kafa walikuwa wachache na walinusurika kupigwa. Wiki ilipoisha Bruce Lee alikuwa mzima, kwa kura nyingi.

Lililoniingia baadaye, wakati simu imeshakatwa, ni hili: mimi nilikuwa nje siku ile na beseni langu. Zile bunduki nilizisikia. Nilizisikia kabla kaka hajanisimulia chochote, na bado usiku nilimwamini yeye.

Bruce Lee mwenyewe alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ana miaka 32, hata *Enter the Dragon* haijaanza kuonyeshwa Marekani. Wavulana wa mtaani kwetu walipokuwa wanawekeana dau nani atashinda akipigana na Van Damme, marehemu alikuwa na miaka ishirini kaburini.

Wala si sisi peke yetu. Rambo wa kwanza, *First Blood* ya 1982, kwenye kitabu chake anakufa, na kwenye filamu walipiga kipande anachokufa vilevile. Wakawaonyesha watazamaji wa majaribio, watazamaji wakachukia. Ikabadilishwa, Rambo akaishi. Huko Marekani nako kulikuwa na wavulana wanaopiga benchi chini.

Kwa hiyo sitajifanya kwamba zamani watu walikubali kifo kama watu wazima. Hatukukubali hata siku moja. Tulimfufua steringi kwa midomo yetu, na ilikuwa kazi. Ilichukua wiki, na ugomvi, na uongo mwingi.

Mifupa ya Logan

Sasa tuje huku.

Mwaka 2019 nilimlilia Iron Man kwenye *Avengers: Endgame*. Nilimlilia vizuri, kwa leso, na wenzangu ukumbini walikuwa wanavuta kamasi kila upande. Muvi ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 duniani, na za kwangu zimo. Nilitoka nikiwa nimefiwa na nimeridhika, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Julai 2024, San Diego, kwenye lile kusanyiko lao kubwa la vibonzo, mtu mwenye joho la kijani akapanda jukwaani, akavua kinyago. Robert Downey Jr., yuleyule aliyekuwa Iron Man. Anarudi kama Doctor Doom, kwenye *Avengers: Doomsday* iliyopangiwa Desemba 2026. Najua, najua: Doom si Iron Man, ni mtu mwingine, ni adui. Lakini ule ukumbi ulipolipuka kwa kelele, mnadhani walikuwa wanamshangilia Doom?

Na kabla yake tulishazoezwa. Loki alinyongwa na Thanos mbele ya macho yetu 2018, kufika 2021 ana tamthilia yake. Gamora alitupwa gengeni, akaletwa mwingine kutoka wakati mwingine. Superman wa 2016 alizikwa, 2017 akafukuliwa. Siku hizi kuna malimwengu yasiyo na idadi, na kila ulimwengu una akiba ya steringi kama spea za gari pale kwa kaka.

Iliyonichanganya zaidi ni *Deadpool & Wolverine* ya 2024. Mnaikumbuka *Logan*, 2017? Kwangu mimi ile ndiyo muvi bora ya mashujaa kupata kutengenezwa, tukutane kwenye maoni mkitaka kubisha. Mzee yule, Wolverine mwenyewe, anakufa chini ya mti uliokatika, na binti yake anaugeuza msalaba wa kaburi ulale uwe herufi X. Hakuna la kuongeza. Sasa hii ya 2024 inaanza na Deadpool ana chepeo, anafukua kaburi lilelile. Anakuta mifupa. Halafu anaichukua ile mifupa ya chuma anapigana nayo, huku anacheza muziki.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lazima niseme hivyo, nisije nikaonekana mlokole.

Ndani ya daladala kurudi nyumbani ndipo nikaanza kusikia uchungu, polepole, kama mtu aliyecheka msibani halafu akakumbuka yuko wapi. Sikuelewa kwa nini. Muvi iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, watu wamefurahi, mimi nani?

Nadhani sasa naelewa. Sina ugomvi na kufufuka. Ugomvi wangu ni kwamba siku hizi hatupewi nafasi ya kumfufua wenyewe. Kampuni imeshapanga tarehe. Kabla hujafuta machozi, kabla hujamtafuta wa kubishana naye, tangazo limetoka: mwaka fulani, mwezi fulani, njoo na hela. Mtoto anayekua hivi anakijua kifo kama kukatika kwa umeme. Unakaa gizani kidogo, unasikia mtaa mzima "aaah", unasubiri urudi.

Na utamlaumu vipi akikuuliza, "Huyu atarudi?"

Ngazi 222

Kwa muda nilidhani dawa iko kwenye muvi za mapigano zisizo na uchawi, na John Wick ndiye alikuwa mganga wangu.

*John Wick: Chapter 4*, 2023. Paris, alfajiri inakuja, mwamba anatakiwa kufika juu kwenye kanisa la Sacré-Cœur kabla jua halijatoka. Kuna ngazi 222. Anapanda akipigana na kila mtu, anafika karibu na juu, anapigwa teke, anabingirika. Anabingirika mpaka unaanza kucheka, anaendelea mpaka unaacha kucheka, anafika chini kabisa. Analala pale. Na inabidi apande upya.

Ukumbi wote ulitoa mguno mmoja. Mguno ule naujua, niliusikia kupitia mabati miaka minne. Chad Stahelski aliyeiongoza aliwahi kuwa ndiye anayeanguka badala ya Keanu Reeves, huyuhuyu John Wick, kwenye *The Matrix*, na inaonekana. Mtu aliyevunjwa na ngazi anajua kamera ikae wapi mwingine anapovunjika.

Mwisho wa muvi kuna kaburi lenye jina la John Wick. Nikasema hapa sasa. Hawa ndio watu wazima.

Mwaka 2025 wakatangaza sehemu ya tano. Na Keanu yumo.

James Bond wa Daniel Craig vilevile: 2021 wanamrushia makombora, anakufa kweli, na majina yakiisha kupanda yanakuja maneno kwamba James Bond atarudi. Tom Cruise, aliyezaliwa 1962, ananing'inia kwenye ndege ndogo ya mabawa mawili katika *Mission: Impossible* ya 2025, na mimi nimeshika kiti. Lakini nilipojichunguza nikakuta simwogopei Ethan Hunt anayemwigiza hata chembe. Ethan anajulikana atafika. Ninayemwogopea ni Tom, yule mzee mwenyewe, na bima yake.

Dawa ikawa haipo. Swali la dogo likabaki palepale.

Yule mzee wa nyuma yangu

Kuna ukumbi mmoja tu nilioukumbuka ambamo hakuna mtu angeuliza "atarudi?"

Chadwick Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, kwa saratani ya utumbo mpana, ana miaka 43. Alikuwa amecheza muvi baada ya muvi akiwa mgonjwa na sisi hatujui. Ilipotoka *Black Panther: Wakanda Forever*, Novemba 2022, T'Challa, yule mfalme shujaa aliyekuwa akimwigiza, hakupewa mwigizaji mwingine. Muvi inaanza dada mtu, Shuri, anahangaika maabara kumwokoa kaka yake ambaye hatuonyeshwi. Mama anaingia na habari. Halafu mazishi, watu wote wamevaa nyeupe. Halafu ile nembo ya Marvel ambayo kila mara huja na mbwembwe zake, safari hii ikaja kimya kabisa, imejaa sura yake.

Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja, kaletwa na wajukuu nafikiri. Ndani ya kimya kile akasema, si kwa sauti kubwa, "Innalillahi wa inna ilaihi rajiun." Na mtu wa safu ya mbele, asiyemjua, akaitikia.

Hakuna aliyecheka.

Nilitoka naipenda hadi pale kwenye kipande cha mwisho. Haiti, ufukweni, Lupita Nyong'o anamleta mtoto wa kiume kwa Shuri. Ni mtoto wa T'Challa, na jina lake la nyumbani ni hilohilo, T'Challa. Nikaudhika. Nikasema hawa watu hawawezi kujizuia, hata huyu lazima wamrudishe kwa mlango wa uani.

Hasira hizo nilikaa nazo miaka mitatu, na mwezi uliopita zimeniishia jikoni kwa wifi yangu. Dogo alikuwa amemwaga maziwa, mama yake amekasirika, na mama yetu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, akasema, "Msimgombeze baba yangu." Kwa sababu dogo amerithi jina la baba yake mama, yaani babu yetu. Tangu azaliwe bibi yake anamwita baba, anamtania kwa habari za mashamba ya Muheza aliyoyauza kwa bei ya hasara kabla hajazaliwa, na yeye anaitikia kama mwenye kosa. Hakuna anayeona ajabu.

Kwa hiyo sijui. Huenda nilimwonea Ryan Coogler, aliyeiongoza ile muvi. Huenda kuna kurudi kwa namna ya Wakanda na kuna kurudi kwa namna ya San Diego, na mimi natambua tofauti nikiiona ila siwezi kuichorea mstari. Msomaji mmoja aliwahi kuniandikia kwamba makala zangu hazifiki mwisho wa hoja. Ndiyo hivyo.

Mkono uliomtoa shimoni

Nirudi kwa muuza bagia, maana ndiye aliyenifikisha hapa.

Si bagia hasa, ni falafeli, lakini ukiziona ni bagia za dengu za Waarabu, na dogo hajawahi kumwita jina jingine. Kwenye muvi anaitwa Malik, kwa kifupi Mali. Superman huyu wa mwongozaji James Gunn anaanza kwa kushindwa. Kipande cha kwanza kabisa yuko chini kwenye theluji, anavuja damu, ameshindwa pambano kwa mara ya kwanza maishani, na mbwa wake anamburuza kumpeleka nyumbani. Nilipenda sana mwanzo ule. Baadaye anapigwa tena mjini, anachimba shimo barabarani kwa mwili wake, watu wanakimbia. Mali haendi popote. Anamfuata shimoni, anampa mkono anyanyuke.

Ndilo kosa lake hilo. Luthor anamtafuta kwa sababu alionekana akimpa mkono steringi.

Kumbuka pale anapouawa wamo ndani ya ulimwengu mwingine mdogo aliouunda Luthor, mahali ambapo kitu chochote kingewezekana. Kuna mtu kwenye seli anayeweza kugeuza mkono wake uwe madini yoyote. Kuna mtoto mchanga wa kijani. Muvi ile ina nafasi ya miujiza mpaka mingine inabaki, na hakuna hata mmoja ulioelekezwa kwa muuza chakula. Lile jengo lisilokaa sawa limepata kipande chake baada ya majina. Yeye hakupata.

Niwe mkweli: kama kazi ya sanaa, Gunn alifanya sawasawa. Alinipa kile nilichokuwa nakililia, kifo kinachobaki. Superman analia kwa uchungu mle ndani na unamwamini. Nilipaswa kupiga makofi.

Badala yake nilikuwa nimekasirika, na kwa wiki kadhaa sikujua namkasirikia nani. Ilinijia siku nasubiri bagia kwa mama mmoja pale Tabata. Karai liko motoni, daladala zinapita nusu mita kutoka kwenye meza yake, na yeye hata hainui kichwa. Nikawaza katika muvi zote hizi, mashujaa wakiruka na kupasua maghorofa, huyu mama yuko wapi? Yuko chini ya ghorofa. Tangu *Man of Steel* ya 2013 nimeangalia miji mizima ikianguka, na sijawahi kuona hata mmoja wa waliokuwa chini yake akirudi kwa mlango wa ulimwengu mwingine. Nani angelipa kiingilio kumwona?

Nilikaa miaka minne mlangoni pa kibanda na beseni la kashata, nikipiga makofi kwa niaba ya steringi nisiyemwona. Haikuwahi kunijia kwamba katika zile picha, mimi ningekuwa nani.

"Dada, ngapi?" akaniuliza yule mama.

Nikasema za elfu moja. Akaongeza mbili.

Jumamosi iliyopita

Nilikwenda kwa kaka jioni. Yuko ndani na televisheni, mpira. Mimi nikakaa barazani na kikombe changu cha chai. Dogo alikuwa pale chini kwenye ngazi na wenzake wanne, na nilipotega sikio nikakuta anasimulia *Superman*. Hao wengine hawajaiona. Wanamsikiliza kama tulivyomsikiliza baba yake.

Na milio anatoa yote. Sijui kaipata wapi, haifundishwi.

"Lex anavuta, ka! Haina kitu. Anavuta tena, ka! Haina kitu. Ya tatu ndo ikalia, pwaa! Lakini muuza bagia kashainama."

"Ikampata nani?"

"Ikapiga ukuta. Yeye akapita chini, katikati ya miguu ya walinzi, akatokea mlango wa nyuma."

"Mlango gani?"

"Upo mlango. Hukuangalia wewe."

"Sasa yuko wapi?"

"Karudi kazini. Anauza."

Mmoja wao, mkubwa kidogo, mwenye jezi ya Yanga, akatikisa kichwa. "Muongo huyu. Kaka yangu ameiona, amesema yule anakufa."

Wakabishana. Kelele zikapanda. Mwishoni wote watano wakageuka kunitazama mimi, dogo akiwa wa mwisho kugeuka.

"Eti, shangazi? Si mlikuwa wote? Anakufa, hafi?"

Ndani kaka akapunguza sauti ya mpira.

"Mimi pale nilifumba macho," nikasema. "Nilisikia mlio tu."